Amenenepa, Lakini Bado Hajapona

Ukienda kumtembelea mtu wako soba hausi katika wiki ya tatu au ya nne, utamkuta amenawiri. Mashavu yamejaa, macho yametakata, kichwa kimenyolewa vizuri, na mwenye zamu ya jikoni atakuambia siku hizi anakula sahani mbili. Utatoka pale umefurahi, na kabla hujafika kituo cha daladala utakuwa umeshawapigia ndugu: mtoto amepona. Atatokea mmoja wao aulize, sasa tunaendelea kulipa ya nini? Hapo ndipo mambo huharibika. Mwili wa mtu aliyeacha heroini hurudi upesi, lakini akili huchukua miezi zaidi. Anayetolewa kwa sababu ya mashavu hutolewa kazi kubwa ikiwa ndiyo kwanza inaanza.

Nakuandikia wewe uliyebaki nyumbani: mama, baba, dada, kaka, mke au mume. Usimpime kwa unene. Mpime kwa maneno yake: anamlaumu nani, anajiita nani, anapanga nini, na anajiweka wapi katika habari ya maisha yake mwenyewe. Maneno hayo hubadilika kadiri siku zinavyokwenda, na kila yanapobadilika kuna la kufanya na la kuacha.

Kabla ya kumpeleka

Unga, yaani heroini, ulianza kusambaa Pwani ya Afrika Mashariki katika miaka ya 1980, lakini mahali pa kumpeleka aliyeshikwa nao palichelewa sana kupatikana. Malindi, Omari Project ilianza kazi katika miaka ya 1990. Zanzibar, soba hausi zilianza kuenea mwishoni mwa miaka ya 2000, nyingi zikiendeshwa na watu waliokuwa wenyewe wametumia na kuacha. Kwa lugha ya serikali ya Tanzania ni nyumba za upataji nafuu. Nyingi hufuata hatua kumi na mbili, utaratibu uliotoka kwa AA, chama cha waliokuwa walevi kilichoanza Marekani mwaka 1935, kisha ukachukuliwa na NA mwaka 1953 kwa ajili ya waliokuwa watumiaji wa dawa za kulevya.

Nguvu ya nyumba hizi ni kwamba anayemwamsha mtu wako alfajiri huenda aliwahi kukaa naye maskani moja ya watumiaji. Uongo wote anaujua, alishautumia. Udhaifu wake ni kwamba baadhi hazina daktari wala muuguzi, kwa hiyo uliza kabla hujalipa. Akizidiwa usiku mtampeleka wapi? Mnapima virusi vya ukimwi, kifua kikuu na homa ya ini? Tunaruhusiwa kumtembelea lini? Akitoka, nani atamfuatilia? Na uliza bila haya kama wanafunga watu minyororo au wanapiga. Ukiona mnyororo, ondoka naye siku hiyo hiyo. Mtu aliyefungwa hujifunza jambo moja tu, kuihesabu siku ya kufunguliwa.

Kama mtu wako hutumia pombe nyingi kila siku, au vidonge vya usingizi kama diazepamu, asiachishwe ghafla nyumbani wala soba hausi. Kuacha ghafla vitu hivyo kunaweza kuleta degedege na kifo. Huyo aanzie hospitali.

Siku za arosto

Arosto ya heroini huanza saa 6 hadi 12 tangu mara ya mwisho alipotumia, hufika kileleni siku ya pili au ya tatu, na kwa kawaida hupungua ndani ya wiki moja hadi siku kumi. Machozi na makamasi, miayo, vinyweleo kusimama, kutapika, kuhara, mifupa kuuma, usingizi kupotea. Mwenye afya ya kawaida mara chache hufa kwa arosto yenyewe. Hatari ni kuishiwa maji mwilini, kwa hiyo anyweshwe na aangaliwe.

Katika siku hizo hakuna mazungumzo ya maana. Ataahidi kila kitu, ataapa kwa Mwenyezi Mungu na kwa kaburi la babu yake, na saa moja baadaye atakutukana. Usizipokee ahadi zake na usiyabebe matusi yake. Atakayezungumza nawe baadaye bado hajafika.

Simu ya wiki ya pili

Nyumba nyingi huzuia simu mwanzoni, lakini siku itafika utapigiwa. Ijue simu hiyo mapema, kwa sababu imeshawarudisha wengi maskani.

"Mama, shikamoo. Mama, huku si mahali pangu. Hawa ni mateja wa kujidunga, mimi nilikuwa navuta tu. Nimeshaacha, sina hata hamu. Chakula kibaya, godoro lina kunguni. Halafu kuna kazi nimeitiwa, wakinikosa wiki hii wanampa mtu mwingine."

Kila sentensi hapo inaweza kuwa na ukweli ndani yake, na kwa pamoja bado ni uchu unaotafuta mlango. Sikiliza anavyojitenga: wao ni mateja, mimi siye. Hiyo ndiyo alama kubwa ya mwanzo. Akili iliyotoka kwenye arosto hupata nafuu ya ghafla na kuidhania kuwa ni ushindi. Wengine huingia kwenye furaha ya ajabu, wanasali, wanacheka, wanataka kuhubiri mitaani wawaokoe wenzao. Furaha hiyo si uongo, ila haidumu, na maamuzi yanayofanywa ndani yake huwa mabaya.

Jambo la kwanza ni kutofautisha malalamiko na mateso. Uliza mambo mahususi: nani amekufanya nini, lini, mbele ya nani? Akitaja kupigwa, kufungwa au kuguswa vibaya, nenda siku hiyo hiyo, omba kumwona peke yake, na umwangalie mwili wake. Usimwachie mwenye nyumba akueleze kwamba waraibu wote ni waongo; waraibu nao hudhulumiwa. Lakini kama habari ni chakula, godoro na kazi inayosubiri, jibu moja linatosha: "Nimekusikia, mwanangu. Nakuja Jumapili, tutakaa mimi, wewe na mnasihi wako." Hapo ukate simu kwa upole. Ukianza kubishana naye hoja kwa hoja atakushinda, maana amekuwa akiishi kwa kushinda mabishano ya namna hiyo.

Jambo la pili ni familia kuwa na sauti moja. Ukikataa wewe atampigia shangazi, shangazi akikataa atampigia bibi, na bibi, Mungu amweke, atatuma nauli. Chagueni mtu mmoja wa kuzungumza na soba hausi na kutoa uamuzi, na wengine wote wajibu, "Muulize yeye."

Kuhusu muda, taasisi ya utafiti wa dawa za kulevya ya Marekani, NIDA, kwa miaka mingi imeeleza kwamba matibabu ya kukaa ndani yasiyofika siku 90 huwa na matokeo hafifu. Miezi mitatu ni mwanzo, na soba hausi nyingi huomba zaidi. Kama fedha ni tatizo, afadhali uzungumze na uongozi kuhusu kulipa kidogo kidogo kuliko kumtoa siku ya 30.

Kutoka "wao" kufika "mimi"

Katika ziara za mwanzo utasikia lawama. Marafiki walimharibu. Mke alimkimbia. Baba alikuwa mkali. Amelogwa. Baadhi ya hayo ni kweli kabisa, hasa la baba mkali, na usiyakane kwa sababu tu yanakuuma. Ila usimhutubie. Mwanasaikolojia wa Marekani William Miller, ambaye tangu mwaka 1983 aliandika juu ya namna ya kuzungumza na walevi, alionyesha kwamba mtu akisukumwa abadilike hujitetea, na kadiri anavyojitetea ndivyo anavyozidi kujiaminisha kwamba hana tatizo. Akiulizwa kwa utulivu, husikia sababu za kubadilika zikitoka kinywani mwake mwenyewe, na hizo ndizo humkaa.

Kwa hiyo uliza maswali yasiyo na mtego. Unga ulikuwa unakupa nini mwanzoni? Lini uliona mambo yamegeuka? Ungependa mwakani wakati kama huu uwe unafanya nini? Kisha nyamaza, na umwache achukue muda wake hata kama kimya kinakutesa.

Kuhusu uchawi na majini naomba unielewe vizuri. Dua na kisomo vina nafasi yake; watu wengi wamepata nguvu ya kuacha kwa imani yao, na hatua kumi na mbili zenyewe zinamtaja Mungu. Lakini ukimwambia mtoto kwamba si yeye, ni jini, umemnyang'anya kitu kimoja anachohitaji zaidi ya vyote wakati huu, yaani kujiona kuwa ni mtu anayetenda na anayeweza kutenda vingine. Msomeeni, na asiondolewe kwenye vikao vya soba hausi.

Siku moja sentensi itabadilika. Atasema, "Niliuza mkufu wako, mama, na nilijua ni wa harusi yako." Hakutaja rafiki wala pusha, muuza unga. Usikimbilie kusema yameisha, na usilie kwa kelele ukamfanya ajute kusema. Mwambie ukweli wako: "Iliniuma sana. Nashukuru umesema."

Miezi ya utupu

Kati ya mwezi wa pili na wa nne mara nyingi huja kipindi ambacho familia hazikitarajii. Furaha ya mwanzo imekwisha. Mtu amekaa kitako barazani, hana hamu ya mpira, utani wala chakula alichokuwa akikililia. Usingizi bado mbovu. Ukimuuliza atakuambia, "Nipo tu." Ndugu hukasirika: tumeuza kiwanja tukulipie, na hata shukrani huna?

Si kukosa shukrani. Heroini huuzoesha ubongo raha kubwa isiyo ya kawaida, hata raha ndogo za kila siku zikawa hazisikiki. Ikiondoka, hisia hubaki kama macho ya mtu aliyetoka jua la saa saba akaingia chumbani: vitu vipo, yeye havioni bado. Hurudi taratibu, kwa wiki na miezi, na hakuna anayeweza kuzivuta kwa kukemea. Mwambie hivyo, kwa sababu wengi hudhani wameharibika milele, na anayedhani ameharibika milele haoni sababu ya kutorudi kwenye unga.

Utupu huo pia ndio unaofungua mlango wa huzuni zilizokuwa zimefunikwa. Aliyeanza kutumia akiwa na miaka 17 na sasa ana 32 hakupumzika miaka kumi na mitano. Kuna mazishi hakuyalia, kuna mtoto amekua bila yeye, kuna wenzake waliofia maskani mbele ya macho yake. Wenzake wa shule wana nyumba na watoto, yeye anaomba ruhusa ya kwenda dukani. Hapo aibu huja na nguvu zote.

Aibu ina sura mbili, na wewe unaweza kusikia ipi inazungumza. Akisema "nilifanya mabaya," anajuta, na majuto hayo yana kazi. Akisema "mimi ni mtu mbaya, mngeniacha tu," amezama. Usimpelekee orodha ya vitu vilivyouzwa siku ya kutembelea. Hatua ya nane na ya tisa zimewekwa kwa ajili hiyo: anaandika majina ya aliowaumiza, kisha anakwenda kurekebisha anachoweza, isipokuwa pale ambapo kurekebisha kungemuumiza mtu zaidi. Siku yako itafika. Ikifika, hulazimiki kusamehe papo hapo. Unalazimika kusikiliza tu.

Akianza kuzungumzia kufa, au kugawa vitu vyake, au kama baada ya wiki kadhaa bila dawa yoyote bado anasikia sauti au anaamini watu wanamfuata, hilo si la kikao cha jioni. Apelekwe kwa daktari wa akili haraka. Watu wengi wana msongo mzito au ugonjwa wa akili uliokuwepo kabla ya unga, na wasipotibiwa yote mawili hupona nusu.

Kwa wanawake mambo ni magumu zaidi. Nyumba zinazowapokea ni chache, na wengi huja wakiwa na majeraha ya kupigwa na kulazimishwa, na mara nyingi aliyewaanzishia unga ni mwanaume wanayemrudia. Binti anaposema hana la kuzungumza mbele ya wanaume kikaoni, asilazimishwe. Mtafutieni mnasihi mwanamke. Na aulizwe kuhusu watoto wake kila mnapokwenda. Mama aliyetengwa na mwanawe bila habari hukimbia soba hausi, na anayemkimbilia ni huyo mtoto.

Wewe uliyebaki nyumbani

Nawe umebadilika. Umelala miaka na pochi chini ya mto, umejifunza kunusa nguo zake, kuhesabu vijiko, kutambua hatua zake usiku kama ni za mtu aliyetumia au la. Umedanganya majirani kwamba amekwenda kutafuta kazi bara. Yeye sasa ana vikao kila siku, na wewe huna hata mtu wa kumwambia. Akirudi ataikuta nyumba na askari wake wa zamani, na vita vitaanza upya mlangoni.

Tafuta kikao cha familia. Soba hausi nzuri huwa nacho, na kama hakuna, ombeni kianzishwe, hata akina mama wanne mkikutana sebuleni kwa mmoja wenu. Jifunze kutofautisha msaada na kumfunika: kulipa ada ya matibabu ni msaada, kulipa deni lake kwa pusha ni kumfunika. Na lala. Kwa miezi hii anaangaliwa na watu wengine, kwa hiyo lala.

Anaporudi

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mtafiti Lee Robins aliwafuatilia wanajeshi wa Marekani waliorudi kutoka Vietnam. Wengi walikuwa wametumia heroini huko, na baadhi walikuwa waraibu kabisa. Serikali ilijiandaa kwa balaa, lakini chini ya mmoja kati ya kumi wa waraibu hao walirudia uraibu ndani ya mwaka wa kwanza nyumbani. Waliacha nyuma mahali, watu na uoga uliowafungamanisha na unga. Mtu wako anafanya kinyume chake: anaondoka palipo salama na kurudi mtaa ule ule, kona ile ile, kwa pusha anayejua jina lake. Hamu iliyolala miezi yote huamshwa na harufu ya kiberiti, na wimbo fulani, na kushika noti ya elfu kumi.

Kwa hiyo pangeni kabla ya siku ya kutoka. Kama kuna mjomba Tanga au shamba Pemba, miezi ya mwanzo aishi huko. Abadilishe laini ya simu. Fedha zake zishikwe na mtu mwingine kwa makubaliano yake mwenyewe. Awe na kikao cha kuhudhuria tangu wiki ya kwanza na mtu wa kumpigia usiku. Kazi ni nzuri, ila asianze na mshahara mkubwa wa ghafla.

Ongeeni pia kuhusu methadoni. Ni dawa ya kunywa kila siku chini ya uangalizi, huzuia arosto na kupunguza hamu, na utafiti wa nchi nyingi unaonyesha kwamba waliomo kwenye tiba hiyo hufa kwa kiwango kidogo kuliko waliosafishwa mwili tu wakaachwa. Muhimbili iliianza mwaka 2011, na Malindi ina kliniki tangu 2015. Baadhi ya waliopita soba hausi huidharau na kuiona ni kubadilisha kilevi kwa kilevi. Mimi nasema aliye hai, anayekunywa methadoni kliniki na kurudi kazini, anaendelea na maisha yake, na aliyekwisha kurudia mara mbili au tatu baada ya soba hausi anastahili kupewa nafasi hiyo bila kusimangwa.

Hatari kubwa kuliko zote ipo hapa. Baada ya miezi bila unga, mwili umesahau dozi ya zamani. Akirudia kiasi kile kile alichokuwa akitumia, anaweza kuacha kupumua. Mwambie hivi waziwazi kabla hajatoka. Kumwambia si kumruhusu. Ukimkuta haamki, midomo imekuwa ya bluu, anakoroma au anapumua kwa tabu, mpeleke hospitali mara moja na uwaambie wahudumu kwamba ni heroini. Kuna dawa ya kuzuia kifo hicho, naloksoni. Akiwa anapumua, mlaze ubavu njiani; asipopumua, mpulizie pumzi mdomoni mpaka msaada ufike.

Na akiteleza mara moja? Alan Marlatt, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeandika juu ya kurudia uraibu katika miaka ya 1980, alieleza kwamba kinachoangusha zaidi ya kete ile ya kwanza ni wazo linaloifuata: nimeshaharibu, basi na iwe. Wewe unaweza kulikata wazo hilo au kulipa nguvu. Usimfukuze usiku huo na usiite kikao cha ukoo. Muulize ametumia nini, kiasi gani, saa ngapi, na alikuwa na nani. Asilale peke yake. Mpigie mnasihi hapo hapo, na asubuhi nenda naye kwenye kikao au kliniki kabla hajapata muda wa kujificha. Kama huna pa kuanzia, Kenya namba ya bure ya NACADA ni 1192, na Tanzania Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya hupokea simu bila malipo kwa namba 119.